Somo la Safari: Kununua Zawadi Zermatt kwa Bajeti ya Shilingi 64,000

Safari za nje zimekuwa kawaida siku hizi. Kuna anayeenda semina Geneva, kuna anayemtembelea mtoto wake anayefanya kazi ughaibuni, na kuna wale waliochanga kwenye chama hadi wakaweza kwenda kuona theluji kwa macho yao. Wengi wakirudi husimulia hadithi ile ile: mlima ulikuwa mzuri, baridi ilikuwa kali, lakini pesa ziliisha siku ya pili na hawajui zilienda wapi.

Somo la leo linahusu jambo hilo. Tumechagua Zermatt, kijiji cha Uswisi kinachojulikana kwa kuteleza thelujini na kwa bei kali. Ukijua kununua Zermatt bila kulia, mahali pengine hapatakusumbua.

Ili hesabu zisiwe za hewani, tutatembea na mama mmoja wa mfano. Tumemtunga sisi, ila shida zake ni za kweli. Binti yake anafanya kazi Visp, mji ulio chini ya bonde hilo, na mama amekuja kumtembelea. Siku moja wanapanda treni kwenda Zermatt, mwendo wa saa moja na dakika kama kumi hivi. Kwenye simu mama ana shilingi 64,000 za ununuzi. Shilingi 40,000 ni zake. Zile 24,000 zimetoka kwa akina mama wanane wa chama chake, kila mmoja ametuma 3,000 na ujumbe mmoja: "Tuletee kitu cha Uswisi."

Hizo 24,000 si pesa zake. Ni amana. Kumbuka hilo, maana somo lote limesimama hapo.

1. Kwanza, fahamu unakoenda

Zermatt iko katika jimbo la Valais, karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kimo hicho ni kama cha Nairobi tu, kwa hivyo hewa haitakushtua, baridi ndiyo itakayokushtua. Juu ya kijiji umesimama mlima Matterhorn, wenye urefu wa mita 4,478. Usiogope jina: kilele cha Batian cha Mlima Kenya kina mita 5,199, kwa hivyo wetu ni mrefu zaidi. Matterhorn ulipandwa hadi kileleni kwa mara ya kwanza mwaka 1865 na kundi la Edward Whymper. Watu saba walifika juu, wanne wakafa wakishuka. Habari hiyo ilizunguka Ulaya nzima na tangu hapo wageni hawajaacha kwenda.

Magari ya petroli na dizeli ya wageni hayaingii kijijini. Mwenye gari huliacha Täsch, kilomita kama tano chini, kisha anapanda treni ya dakika kama 12. Ndani ya kijiji utaona teksi ndogo za umeme na watu wengi wanaotembea kwa miguu. Hii ni nafuu kwako, kwa sababu karibu maduka yote unaweza kuyafikia kwa miguu bila kulipa nauli.

Lugha ya pale ni Kijerumani, ila wauzaji wengi wanasikia Kiingereza. Pesa yao ni faranga ya Uswisi, si yuro. Maduka kadhaa ya watalii hupokea yuro, lakini wanapiga hesabu kwa kiwango chao wenyewe na chenji wanakurudishia kwa faranga. Ukienda na yuro utabadilisha pesa mara mbili na utaumia mara mbili.

Kiwango cha kubadilisha fedha hupanda na kushuka kila siku. Katika somo hili tutatumia faranga 1 kwa shilingi 160 ili hesabu ziwe rahisi. Kwa kiwango hicho, mama yetu ana faranga 400: zake ni 250, za chama ni 150. Kila mwanachama ana faranga 18 na senti 75.

2. Tenganisha pesa kabla ya kupanda treni

Kosa la kwanza hutokea kabla ya kuona duka lolote. Pesa zote ziko kwenye pochi moja ya simu, na salio linasoma 64,000. Mtu akiona 64,000, moyo wake unanunua kama mwenye 64,000.

Fanya hivi:

1. Hamisha pesa za wenyewe kwenda kwenye akiba au akaunti ndogo ndani ya programu, na uipe jina, kwa mfano "Chama zawadi". Kama huna akaunti kama hiyo, toa noti za faranga za chama uziweke kwenye bahasha yao.

2. Andika orodha ya majina na kiasi cha kila mmoja. Ujumbe wa kila malipo uliyopokea tayari una jina na kiasi, usiufute.

3. Kubalianeni mapema ada ya kubadilisha fedha italipwa na nani. Kadi nyingi hutoza asilimia fulani ukilipa kwa pesa za kigeni. Mama wetu aliandika kwenye kikundi cha chama: "Ada itatoka kwenye ile 3,000 yako, sawa?" Wote wakajibu sawa. Maneno machache yaliyozuia kesi ya miezi mitatu.

3. Bahnhofstrasse: macho hayalipi

Ukishuka stesheni ya Zermatt, barabara kuu inaanzia hapo hapo. Inaitwa Bahnhofstrasse, yaani barabara ya stesheni, na inapanda taratibu hadi kanisani. Hapo ndipo penye saa za bei ya gari, majaketi ya majina makubwa, maduka ya vifaa vya michezo na hoteli za kifahari.

Tunashauri uitembee yote kwanza bila kununua chochote. Nenda hadi kanisani, kisha uulize njia ya Hinterdorf, mtaa wa zamani wenye nyumba na maghala ya mbao yaliyosimama juu ya mawe bapa ya mviringo. Mawe hayo yaliwekwa ili panya wasipande kula nafaka. Kuangalia ni bure, na picha utakayopiga hapo itapendeza kuliko picha ya dirisha la duka.

Kuna mambo matatu ya kujua kuhusu bei za pale:

Bei iliyoandikwa ndiyo utakayolipa. Kodi iko ndani tayari. Hautafika kwa keshia ukute imeongezwa kitu.

Hakuna kupatana bei. Hii si Gikomba wala Marikiti. Ukisema "nipunguzie kidogo" muuzaji atatabasamu na bei itabaki pale pale. Kitu cha kutafuta ni punguzo la mwisho wa msimu. Theluji ikikaribia kuisha, maduka ya michezo hupunguza bei za nguo za baridi.

Saa za kufungua si sawa na za mjini. Sehemu nyingi za Uswisi maduka hufungwa Jumapili, lakini Zermatt, kwa kuwa ni kijiji cha watalii, maduka mengi hufunguliwa Jumapili wakati wa msimu. Katikati ya misimu, kama Mei na Novemba, mengi hufungwa kabisa. Mengine hufunga kwa muda mchana watu wakale.

4. Duka kubwa la vyakula ndiyo siri ya wenyeji

Wafanyakazi wa hoteli za Zermatt hawanunui chokoleti pale penye sanamu ya ng'ombe mlangoni. Wananunua Coop, iliyo karibu kabisa na stesheni, au Migros. Hizi mbili ndizo supamaketi kubwa za Uswisi nzima.

Ndani yake utapata chokoleti za Kiswisi za kila aina, biskuti, chai ya mimea ya milimani na sharubati, kwa bei ambayo mwenyeji analipa. Ukiona paketi ya kijani yenye maandishi M-Budget ndani ya Migros, hiyo ndiyo laini yao ya bei nafuu. Haina urembo lakini ndani ni chokoleti ya kweli. Migros, kwa taarifa yako, hawauzi pombe kwenye rafu za supamaketi zao. Ni desturi yao ya tangu zamani.

Beba mfuko wako. Kule mfuko wa kubebea unalipiwa, na sisi tuliozoea tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 hatuna kisingizio.

Maji usinunue. Maji ya bomba Uswisi yanafaa kunywa, na kijijini kuna chemchemi za maji ya kunywa barabarani. Beba chupa. Familia ya watu wanne ikinywa maji ya chupa siku nzima, hiyo ni pesa ya zawadi imekojolewa.

Jibini la huko ni tamu, lakini tunashauri mlile huko huko. Linataka baridi njiani, na bidhaa za maziwa na nyama zina masharti yake ukifika mpakani. Chokoleti na biskuti zinasafiri bila maneno.

5. Zawadi: soma lebo kabla ya kutoa pesa

"Kitu cha Uswisi" kina maana mbili: kitu kilichotengenezwa Uswisi na kitu chenye picha ya Uswisi. Kikombe chenye bendera nyekundu kinaweza kuwa kimetoka mbali kuliko wewe. Si vibaya kukinunua, mradi ujue unachonunua.

Mfano mzuri ni Toblerone. Chokoleti hii ilianza mjini Bern mwaka 1908, na kwa miaka mingi pakiti yake ilikuwa na picha ya huu huu mlima Matterhorn. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba picha hiyo inaondolewa, kwa sababu sehemu ya utengenezaji ilikuwa inahamia Slovakia, na sheria ya Uswisi inabana matumizi ya alama za taifa kwenye bidhaa zisizotimiza masharti ya asili yake. Kama sheria yao wenyewe inafuatilia hivyo, na wewe geuza pakiti usome.

Haya ndiyo tunayoona yanafaa kwa mfuko wa kawaida:

Kisu cha mfukoni cha Victorinox. Kinatengenezwa Uswisi, kinadumu, na wazee wanakipenda. Lakini sikia: kisu hakiingii na wewe ndani ya ndege. Kiweke kwenye sanduku la kukabidhi. Ukikisahau kwenye mkoba wa mkononi kitachukuliwa kwenye ukaguzi na hakuna wa kukurudishia pesa.

Mkate wa waongoza wapanda mlima, unaouzwa na mkate-duka wa Fuchs. Una matunda makavu na njugu, unashiba na hauharibiki haraka. Unafaa kwa njiani na pia kama zawadi ya mtu mmoja maalum.

Kondoo wa kitambaa mwenye uso mweusi. Kondoo wa aina hiyo wanafugwa jimboni Valais, na watoto wakimwona huwa hawamwachi.

Sumaku za friji, kadi za picha na taulo za jikoni zenye picha ya mlima. Ni nyepesi, hazivunjiki, na mtu anaona kweli umefika.

6. Vifaa vya theluji: kodisha, usinunue

Wakenya wamewahi kushindana thelujini. Philip Boit alituwakilisha Nagano mwaka 1998, na Sabrina Simader akashindana Pyeongchang mwaka 2018. Wewe kama unataka kujaribu siku moja tu, usinunue skii wala viatu vyake. Maduka ya michezo ya Bahnhofstrasse na ya karibu na vituo vya kupandia mlimani yanakodisha vyote kwa siku. Mara nyingi ukiweka nafasi mtandaoni siku kadhaa kabla, bei inakuwa nafuu kuliko kwenda dukani asubuhi ile ile.

Jaketi zito, nguo za ndani za joto na miwani ya jua tafuta nyumbani kabla ya safari. Jaketi la mtumba la Gikomba au Toi lenye jina kubwa mgongoni linaweza kuwa lilishonwa kwa ajili ya baridi ile ile. Kitu ambacho mara nyingi inabidi kununua kule ni glavu na kofia, maana mtu anagundua mikono inaganda akiwa ameshafika.

7. Wakati wa kulipa: kitufe kimoja, tofauti ya shilingi 576

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kimya kimya, kwa hivyo soma polepole.

Uswisi wana mfumo wao wa kulipa kwa simu unaoitwa TWINT. Utauona kila mahali, hadi kwenye vibanda vya njiani. Unafanana kidogo na kulipa kwa till kwetu. Lakini umetengenezwa kwa wakazi wa Uswisi wenye akaunti au laini za huko, kwa hivyo mgeni usiutegemee. Till na paybill zako za Kenya pia hazifanyi kazi kule. Njia zako ni tatu:

Kadi ya mtandaoni iliyofungwa na pochi yako ya simu. Hii inafaa kulipia vitu kwenye intaneti: tiketi ya treni, hoteli, kukodisha skii. Kadi nyingi za aina hii hazina umbo la kugusisha kwenye mashine ya dukani, kwa hivyo usifike kwa keshia ukiwa nayo peke yake. Hakikisha kwanza kadi yako inaruhusu nini.

Kadi ya plastiki. Hii ndiyo ya madukani.

Noti na sarafu za faranga. Kiasi kidogo tu, kwa vitu vidogo na kwa dharura.

Sasa sikiliza. Ukiingiza kadi ya Kenya, mashine nyingine itakuuliza: unataka kulipa kwa faranga au kwa shilingi? Shilingi inakuvutia kwa sababu unaielewa. Chagua faranga. Ukichagua shilingi, unawaachia wenye mashine wapange kiwango cha kubadilisha, na kiwango chao huwa na nyongeza ndani yake. ATM nazo hufanya mchezo huo huo. Jibu ni lile lile: faranga.

Tupige hesabu ya pesa za chama. Tuseme mama amepata kwa kila mwanachama chokoleti za faranga 12 supamaketi na taulo la jikoni la faranga 6 kwenye duka la zawadi. Jumla ni faranga 18 kwa mtu, mara 8 ni faranga 144. Kwa kiwango chetu ni shilingi 23,040.

Akichagua faranga, na tuseme kadi yake inatoza ada ya asilimia 2.5: ada ni shilingi 576. Jumla 23,616. Kwenye zile 24,000 zimebaki 384.

Akichagua shilingi, na tuseme wenye mashine wameongeza asilimia 5: jumla ni 24,192. Pesa za chama zimepita kwa 192, na mama analazimika kujazia kutoka mfukoni mwake. Kadi nyingine hutoza ada juu ya hiyo.

Vitu ni vile vile, duka ni lile lile. Kitufe kimoja kimeleta tofauti ya shilingi 576. Kwa watu wanane ni 72 kila mmoja. Ada halisi ya kadi yako iko kwenye programu, iangalie kabla ya safari, usikisie.

8. Kurudishiwa kodi: mtego wa faranga 300

Sasa tukutane na mama ndani ya duka la michezo. Ameona sweta la sufu la faranga 240. Ni zuri kweli. Yeye ana faranga 250 zake. Muuzaji anamwambia, kwa heshima tu: "Ukifikisha 300, utarudishiwa kodi."

Ni kweli. Mgeni asiyeishi Uswisi anaweza kudai kodi ya VAT kwa bidhaa anazotoka nazo nchini, mradi manunuzi katika duka moja yafike angalau faranga 300, na bidhaa zitoke nchini ndani ya siku 90. Anaomba fomu dukani akionyesha pasipoti, kisha kwenye uwanja wa ndege anapigiwa muhuri na forodha kabla ya kukabidhi sanduku, kwa sababu wanaweza kutaka kuiona bidhaa yenyewe.

Mama akaanza kufikiria. Apungukiwacho ni faranga 60. Kwenye bahasha ya chama zipo 150 ambazo hajazigusa bado. Achukue 60, anunue na skafu, kisha akirudishiwa kodi alipe. Nani atajua?

Binti yake akatoa simu wakapiga hesabu hapo hapo. VAT ya kawaida Uswisi ni asilimia 8.1, ndogo kuliko asilimia 16 tuliyozoea hapa. Ndani ya bei ya faranga 300, kodi ni faranga 22 na senti 48 hivi. Na kampuni inayoshughulikia marejesho hukata kamisheni yake, kwa hivyo atakachopata ni pungufu ya hapo. Kwa maneno mengine, angetumia faranga 60, yaani shilingi 9,600, kufukuzia chini ya shilingi 3,600. Angebaki na deni la chama la shilingi 6,000 hivi, zaidi ya zawadi za watu wawili.

Akalirudisha sweta kwenye rafu.

Kanuni yetu ni hii: dai kodi kwa kitu ulichokuwa unanunua hata hivyo. Usinunue kitu ili udai kodi. Na kumbuka, pesa ulizolipia hoteli, chakula cha mkahawani au kukodisha skii hazirudishwi kodi, kwa sababu hizo ni huduma ulizotumia huko huko. Chakula cha dukani nacho kina VAT ndogo, asilimia 2.6 tu, kwa hivyo chokoleti hazitakutajirisha.

9. Mambo ya usalama kabla ya kuondoka

Hakikisha laini yako ya Kenya inafanya kazi nje ya nchi. Ukilipa mtandaoni, namba ya siri ya mara moja inatumwa kwa SMS kwenye laini hiyo. Laini ikiwa imelala, malipo hayapiti hata kama una salio. Waulize watoa huduma wako gharama zake, na uiwashe ukiwa bado Kenya.

Zima data ya laini hiyo ukifika, tumia waifai ya hoteli au laini ya huko kwa intaneti. SMS haihitaji data.

Weka kikomo cha matumizi ya kadi kwa siku. Kama programu inaruhusu kuifungia kadi, ifungie usiku na uifungue asubuhi.

Waambie watu wa nyumbani neno moja la siri la familia. Walaghai wakijua umesafiri, wanaweza kumwandikia ndugu yako: "Nimekwama Uswisi, nimepoteza simu, tuma haraka kwa namba hii." Asiyejua lile neno, asitumiwe kitu.

Ukipata ujumbe kwamba marejesho yako ya kodi yako tayari ila uweke PIN, ufute. Sisi hatutakuomba PIN yako, na hakuna marejesho yanayohitaji PIN ya pochi ya simu.

10. Hesabu ya jioni

Mama na binti wake walikaa kwenye treni ya kurudi Visp wakapiga hesabu. Pesa zake mwenyewe alitumia hivi: kofia na glavu faranga 70, kisu cha mzee 45, chokoleti za wajukuu 40, mkate na kahawa ya watu wawili 20. Jumla faranga 175, yaani shilingi 28,000. Ada ya kadi asilimia 2.5 ni 700. Kwenye 40,000 zake zilibaki 11,300.

Za chama zilibaki 384. Akagawa kwa watu wanane, akawatumia kila mmoja shilingi 48, pamoja na picha ya risiti mbili kwenye kikundi.

Shilingi 48 haijazi hata kikombe cha kahawa. Lakini wale akina mama wanane waliona kila senti ilipoenda, na mwaka ujao mmoja wao akisafiri, watatuma tena bila kuuliza mara mbili. Hiyo ndiyo faida ambayo haionekani kwenye salio.

Jipime

1. Mashine inakuuliza ulipe kwa faranga au kwa shilingi. Utachagua nini, na kwa nini?

2. Umenunua vitu vya faranga 180 duka moja na vya faranga 150 duka jingine. Je, unaweza kudai VAT kwa jumla ya 330?

3. Una kadi ya mtandaoni peke yake na uko kwa keshia wa Coop. Shida iko wapi?

4. Ndugu yako anakuandikia kwa namba mpya akiomba pesa za dharura kutoka Uswisi. Swali lako la kwanza ni lipi?

Majibu: 1. Faranga, ili kiwango kisipangwe na wenye mashine. 2. Hapana, kiwango cha faranga 300 ni kwa duka moja. 3. Kadi nyingi za mtandaoni hazifanyi kazi kwenye mashine ya dukani. Beba kadi ya plastiki au noti. 4. "Neno letu la siri ni lipi?"

Ukipata yote manne, uko tayari. Safari njema, na usisahau glavu.